Nani atabeba samaki? Koloni la RimWorld lililotua Lowarengak

Kuna gemu moja ambayo ukiwa na haraka haikufai. Inaitwa RimWorld. Unapewa watu watatu walionusurika ajali ya chombo cha angani, wameangukia sayari ya mbali isiyo na serikali wala duka, na jukumu lako ni kuhakikisha wanaamka kesho. Ukiondoa wakati wa vita, huwaendeshi kwa kidole kama wachezaji wa FIFA. Kwa kawaida humwambii mtu pita hapa, okota kile. Unafungua jedwali la kazi, unaandika namba, halafu unaketi kando na kutazama namba zako zikigeuka shibe au msiba.

Hilo jedwali ndilo habari yenyewe leo. Kando kuna majina ya watu wako. Juu, kutoka kushoto kwenda kulia, zimepangwa kazi: kuzima moto, kutibu, kulinda wafungwa, kufuga, kupika, kuwinda, kujenga, kulima, kuchimba, kukata miti, uhunzi, ushonaji, sanaa, ufundi, kubeba, kusafisha, utafiti. Ukiwasha mfumo wa namba, kila kisanduku unakipa 1 hadi 4 au unakiacha kitupu. Moja maana yake anza na hii. Nne ni fanya ukikosa lingine. Kitupu ni usiguse. Na sheria inayowaponza wengi ni hii: kazi mbili zikiwa na namba sawa, mtu huanza na ile iliyo kushoto.

Sasa rudi kwenye ile orodha uisome tena. Kubeba na kusafisha ziko wapi? Mwisho kabisa huko, zimebanwa kati ya ufundi na utafiti. Ukimpa mtu namba 3 kila mahali, atalima, atajenga, atachimba mawe, na mavuno yatabaki shambani yakiharibika, kwa sababu zamu ya kubeba haifiki. Nimeona koloni la beshte yangu wa Lodwar likifa hivyo. Alikuwa na mkulima hodari, mchele umeiva hadi unapendeza, watu wanalala njaa mita ishirini kutoka shambani. Alipoona mambo yameharibika akaandika 1 kwa kila mtu kila kazi. Ukifanya hivyo hujapanga kitu. Umepiga kelele tu.

RimWorld imetengenezwa na Tynan Sylvester, Mkanada, kupitia studio yake ya Ludeon. Ilianza kuuzwa 2013 ikiwa bado haijakamilika, toleo kamili likatoka Oktoba 2018. Babu yake ni Dwarf Fortress ya ndugu wawili Wamarekani, Tarn na Zach Adams, iliyotoka 2006 ikiwa herufi na alama tu kwenye skrini. Kupanga kazi kwenye ile Dwarf Fortress ya zamani kulikuwa mateso kiasi kwamba wachezaji wenyewe walitengeneza programu ya pembeni ya kusaidia, wakaiita Dwarf Therapist. Yaani gemu ilihitaji ofisi ya wafanyakazi.

Bei ya RimWorld ni kama dola 35, si pesa ya mboga, lakini ukishainunua haidai intaneti na haihitaji kompyuta ya mtu tajiri. Laptopu yangu ni ya mtumba na betri yake inajitegemea kwa saa moja na nusu hivi. Inaichapa bila shida.

Mwaka uliopita niliibeba hadi Lowarengak. Kwa wale wa Nairobi wanaodhani Turkana inaishia Lodwar: Lowarengak iko ukingo wa magharibi wa Ziwa Turkana, mbali kaskazini ya Kalokol, njia ya kwenda Todonyang mpakani mwa Ethiopia. Ni mji wa samaki. Shangazi yangu anaishi huko, ananunua samaki ufuoni, anapasua, anatia chumvi, anakausha. Binamu yangu alimaliza Kidato cha Nne miaka miwili iliyopita na kwa sasa anabeba. Kutoka mashua hadi kwenye mizani, kutoka mizani hadi kwenye vichanja vya kukaushia, kutoka hapo hadi kwenye lori. Hiyo ndiyo kazi yake, na ukimuuliza mtu mjini binamu yako anafanya nini, utajibiwa "bado hajapata kitu."

Nikaamua koloni langu jipya liitwe Lowarengak. Ramani kavu, maji makubwa upande wa mashariki, joto la kukausha hata mawazo. Nikawabadilisha watu majina: Akiru, Ekai na Erot. Akiru alikuwa na ujuzi wa kilimo 12 na mioto miwili. Erot tabibu wa wastani na mpishi wa kubahatisha. Ekai mlenga shabaha, lakini maisha yake ya nyuma, yale gemu inayompa kila mtu kabla hujamjua, yalisema hafanyi kazi za mikono za kawaida. Habebi. Hafagii. Visanduku vyake vya kazi hizo havipo kabisa, hata ukitaka kumlazimisha huna pa kubonyeza. Binamu alicheka hadi akaegemea ukuta. "Buda, huyu namjua. Huyu ana mashua."

Nisimame kidogo kwa hiyo mioto. Ujuzi kwenye RimWorld unahesabiwa 0 hadi 20. Kando ya ujuzi mwingine kuna alama ya moto mmoja au miwili, ikimaanisha mtu anaipenda kazi hiyo. Mwenye moto mmoja anajifunza kwa kasi ya kawaida, asilimia 100. Mwenye miwili, 150. Asiye na moto wowote anajifunza kwa asilimia 35. Anafanya kazi ileile, saa zilezile, anachoka vilevile, na kinachoingia kichwani ni theluthi. Nilipoiona hiyo namba mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Baada ya Kidato cha Nne alama zangu zilihesabiwa, mfumo ukanipanga kozi ya ununuzi na ugavi ambayo kwenye fomu ilikuwa chaguo la mwisho. Nilikaa mihula mitatu katika chuo kimoja nitakachokiacha bila jina, nikatoka. Walimu walikuwa sawa. Maktaba ilikuwa sawa. Asilimia 35.

Kubeba na kusafisha, hata hivyo, hazina ujuzi wowote wa kuhesabiwa. Hakuna mbebaji wa daraja la 20. Mtu anaweza kubeba koloni zima kwa miaka kumi na ukurasa wake ukabaki sifuri juu hadi chini. Mtengenezaji hakukosea, nadhani. Ndivyo watu wanavyoiona hiyo kazi.

Lakini simama ufuoni Lowarengak asubuhi. Mashua zinaingia na ngege na mbuta. Wenye mashua ni wachache, mabaharia ni wengi, nyavu mara nyingine ni za mtu wa tatu ambaye hata hayupo. Kamati ya ufuo, ile kila mtu huiita BMU, iko hapo na daftari. Kina mama wanasubiri na visu. Kila mtu ana kisanduku chake. Na samaki, kwa jua lile, ana saa chache tu. Asipobebwa hadi kwenye kivuli na chumvi, nahodha hodari na wavu mzuri havijasaidia mtu. Samaki aliyekaushwa vizuri husafiri kutoka ziwa hili hadi Busia, Uganda na hata Kongo. Yule aliyesahauliwa mchangani hafiki hata nyumbani kwa shangazi.

Kuna watu waliowahi kutujazia jedwali tukiwa hatupo mezani. Ukishuka kusini hadi Kalokol utakutana na jengo kubwa ambalo kila mtoto wa huku amesimuliwa habari zake: kiwanda cha samaki cha Wanorwe. Norwe ilianza kusaidia uvuvi wa Turkana miaka ya 1970. Hesabu ilionekana safi. Kuna ukame, mifugo inakufa, watu wana njaa, kuna ziwa limejaa samaki. Basi wafugaji wawe wavuvi, samaki wagandishwe, wauzwe mbali kwa bei nzuri. Kiwanda kikakamilika mwaka 1981. Gharama inayotajwa mara nyingi ni dola milioni 22. Kiligandisha samaki kwa siku chache tu.

Hadithi hii husimuliwa kwa kicheko fulani nisichokipenda, eti Waturkana hawali samaki, walipewa kiwanda wakakikimbia. Si kweli. Watu wa kando ya ziwa walivua kwa vikapu zamani kabla mfadhili yeyote hajafika, na ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1960 ulileta wengine wengi ufuoni. Kilichokiangusha kile kiwanda kiko upande wa kulia wa jedwali. Umeme wa kugandisha samaki kwenye joto la Turkana ulikuwa ghali kupita faida ya samaki wenyewe. Maji safi yaliyohitajika kwa siku hayakuwepo. Halafu Ghuba ya Ferguson, mahali palipokuwa na samaki wengi, ikakauka miaka ya 1980 na wengi waliokuwa wamegeuzwa wavuvi wakabaki hawana ng'ombe wala samaki. Mwaka 1990 Kenya ikakata uhusiano na Norwe kwa sababu za kisiasa, na misaada ikaondoka. Kwa haki yao, barabara ya Kitale hadi Lodwar ilijengwa kwa pesa za Wanorwe haohao. Hiyo ilikuwa namba 1 ya kubeba, na ndiyo iliyodumu. Siku hizi ziwa limegeuka tena. Karibu 2020 maji yalipanda yakameza sehemu za fuo, na watu wakahamisha vichanja vyao kurudi nyuma. Chumvi na jua ni vilevile.

Jambo moja la kuchekesha: RimWorld yenyewe haikuwa na uvuvi hadi Julai 2025, ilipotoka nyongeza inayoitwa Odyssey. Mimi bado sina hiyo nyongeza. Kwa hiyo watu wangu wa Lowarengak wanalima mchele kando ya ziwa na kuyaangalia maji tu. Wanorwe wangeshtuka.

Kutoka Lowarengak ukipanda magharibi kupitia korongo unafika Lokitaung, na hapo kuna mgao wa kazi mwingine ambao vitabu vya shule huupita haraka. Baada ya kesi ya Kapenguria mwaka 1953, Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung pamoja na Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba na Paul Ngei. Hukumu ilikuwa miaka saba na kazi ngumu. Wenzake walipewa sulubu. Kenyatta alionekana mzee kwa kazi hiyo, akafanywa mpishi. Fikiria sura ya yule bwana jela akipitisha kidole kwenye orodha: huyu, umri mkubwa, kuchimba kitupu, kupika 1. Baadaye akaletwa Waruhiu Itote, ambaye msituni aliitwa Jenerali China, na mpishi yule akawa anamfundisha Kiingereza. Hakuna safu ya kufundisha kwenye jedwali la jela. Wala kwenye gemu ya 2018 haikuwepo.

Ninachokiona hapo ni kwamba anayejaza jedwali anaona kile tu alichokuwa akikitafuta. Bwana jela alimwona mzee.

Twende Kakuma, maana namba 1 hadi 4 kule si mchezo. Kambi ilianza 1992. Kalobeyei ikaongezwa 2016. Ukiingia shule za kambi utakuta walimu wengi ni wakimbizi. Hospitalini vivyo hivyo, na kwenye ofisi za mashirika utakuta wakalimani. Wengi wao hawalipwi mshahara. Hulipwa kinachoitwa insentivu, posho ya chini kwa mbali kuliko anayolipwa Mkenya kwa kazi inayofanana, kwa kuwa kibali cha kufanya kazi ni mlima. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 zinaahidi mlango mpana zaidi. Tunasubiri kuona bawaba zikizunguka.

Halafu Agosti 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, baada ya ufadhili kukatwa, likaanza kugawa msaada kwa makundi manne. Kundi la 1 ni wenye uhitaji mkubwa zaidi. Kundi la 4 ni wale wanaohesabiwa kuwa wanaweza kujitegemea, na hao chakula hawapewi. Kabla hata haijaanza kulikuwa na maandamano kambini. Msee, mimi nimezoea kubonyeza namba hizo kwa panya wa kompyuta nikinywa chai. Kisanduku kimoja, bonyeza, bonyeza, imekuwa 4. Sisemi waliokaa kupanga hayo makundi hawana moyo. Chakula kikiwa hakitoshi lazima mtu apange. Lakini kwenye gemu, nikipanga vibaya, naona kwenye skrini ileile jina la mtu na neno "njaa" kwa rangi nyekundu, na siwezi kufunga jedwali nikaenda Nairobi. Nikiifunga, bado wako pale nikirudi. Swali langu kwa kila mpangaji ni hilo tu: wewe unaonyeshwa nini baada ya kubonyeza 4, na anayeonyeshwa ni wewe au ni karani wako?

Na kujitegemea kwa kazi gani? Mtu ambaye kisanduku cha kazi ya mshahara amefungiwa, kama Ekai wangu na kubeba, unamhesabuje kuwa anaweza? Tofauti ni kwamba Ekai hakatazwi na mtu. Yeye hataki tu.

Turudi kwenye koloni, maana binamu alilichukua mwenyewe siku ya pili na hakulirudisha kirahisi. Kitu cha kwanza alichofanya hakikuwa kwenye jedwali kabisa. Alihamisha ghala. Mimi nilikuwa nimeliweka ndani ya ukuta, salama. Yeye akaweka lingine dogo lenye paa palepale shambani, na jiko katikati. "Hatua," akasema, "wewe hesabu hatua." Kisha Akiru akapewa kulima 1, kubeba 2, kila kitu kingine kitupu. Erot kutibu 1, kupika 1, kusafisha 2, kwa sababu jiko chafu kwenye RimWorld hutia watu sumu tumboni na chumba cha wagonjwa kikiwa kichafu vidonda huoza. Ekai akawekewa kuwinda, kulinda wafungwa na kujenga, basi.

Msimu wa pili wakaja wavamizi, mmoja akaanguka bila kufa. Mwanamume wa miaka hamsini na kitu. Nilitazama ukurasa wake: sifuri, sifuri, mbili, sifuri, moja. Hana moto hata mmoja. Wachezaji wengi mtu kama huyo humtibu na kumwachilia aende zake, kinywa cha bure. Binamu aliruka kama aliyesajili mshambuliaji wa Gor Mahia. Akamfunga, akamtibu, akamshawishi kwa siku kadhaa hadi akakubali kujiunga. Kubeba 1. Kusafisha 2. Kwingine kote kitupu. Na akamwandika jina lake mwenyewe, binamu.

Sijui kama umewahi kuona koloni likibadilika kwa mtu mmoja asiye na kipaji. Mchele ukaanza kufika ghalani siku uliovunwa. Maiti za wavamizi zikaondolewa mlangoni, watu wakaacha kununa. Erot hakuacha tena sufuria kwenda kutafuta kiazi, kwa hiyo akapika zaidi, kwa hiyo ujuzi wake ukapanda. Akiru akakaa shambani muda wote, akafika 15. Ukurasa wa mzee ukabaki sifuri.

Shangazi alipita nyuma yetu na beseni, akasimama. "Huyo mnayemtazama anafanya nini?"

"Anabeba, shangazi."

"Analipwa?"

Hatukuwa na jibu. Kwenye RimWorld mtu wa koloni halipwi. Anakula, analala, akipata chumba kizuri anafurahi. Shangazi akasema kitu kwa Kiturkana kuhusu watu wanaoshinda kwenye kivuli, akaenda zake.

Mwaka wa tatu wa gemu ikatokea taarifa ndogo kona ya skrini: mgongo mbovu. Umri ukisonga, watu wa RimWorld hupata hayo. Mzee akawa anatembea polepole, magunia yanachukua muda mrefu zaidi, kwenye shamba rundo limeanza kuonekana tena. Binamu akaniuliza kama kuna mahali pa kumpumzisha, kitufe cha mtu aliyemaliza kazi. Hakuna. Kuna jedwali tu, na unaweza kuifuta ile 1.

Akaweka kishale juu ya kisanduku. Akabonyeza ikawa 2. Akabonyeza ikawa 3. Nje lori lilikuwa limeanza kupiga honi, na wenzake wakimwita kwa jina. Akainuka, akachukua kile kitambaa anachoviringisha begani wakati wa mzigo, akaniambia nisiguse kitu hadi arudi.